Gia za Fideli

Alhamisi, Ilala

Gia zimefika. Fideli alizisubiri tangu kabla ya mvua, akinichosha kila tukitoka mazoezi ya baiskeli: "Zikija, kilima cha Pugu utaniona mgongo tu." Leo kaka yake baharia ameshuka nazo bandarini. Hakuwa na habari kwamba lori lilimgonga mdogo wake kule Kimara, na kwamba tumeshamzika.

Mama yao ameniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Zichukue, ufunge kwenye baiskeli yako. Vipuri mjini hakuna, na mimi sitaki zishike kutu kabatini."

Nilitaka kukataa. Nikashindwa.

Fundi wa Kariakoo amezifunga, watu wamejazana kuzitazama. Kweli ni nzuri. Zinabadilika laini, cheni hairuki. Kinachoniudhi ni kwamba nimefurahi. Mtaa wa Uhuru nimekwenda kasi ambayo sikuwahi kuwa nayo, nikajikuta nageuka kuangalia kama Fideli yuko nyuma yangu.

Jioni nimepita kwao kumwonyesha mama. Nilipoacha kukanyaga pedeli, gia zikalia titititi mpaka uani, kama baiskeli ya Fideli ilivyolia akirudi. Mama alikuwa jikoni. Akasema kwa sauti ya kila siku, bila kutoka:

"Fideli, nawa mikono, chakula tayari."

Nimesimama nimeshika breki. Kisha nikanawa mikono, nikaingia. Aliponiona, mwiko ukasimama sufuriani. Akanipakulia, nikala.

Nilipoaga ndipo akauliza, "Kesho utapita tena?"

Nimeitikia. Kurudi nyumbani sikuipanda baiskeli wala kuikokota. Nimeibeba begani, isilie.