Tsurara Ataimba kwa Koo la Nani?

Mshauri mpendwa, nisaidie, nimekwama na aibu inanizuia hata kumwambia dada yangu.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Sapporo, Japani, na miaka tisa iliyopita kampuni ya programu za muziki ilinichagua niwe sauti ya Tsurara, yule msichana wa kuchorwa mwenye nywele nyeupe, ambaye mtunzi angemwandikia noti na maneno kwenye kompyuta naye akaimba, basi majira yote ya baridi nilikaa studio nikitamka ka, ki, ku, juu, chini, kwa furaha, kwa huzuni, na nikaahidi kutojitaja, maana kwetu aliyetoa sauti hukaa nyuma ili mhusika aonekane yu hai, kisha wakatoa picha yake na kipande kifupi cha wimbo, mashabiki wakampenda, kila Februari humkatia keki ya kuzaliwa, lakini programu yenyewe haikutoka, kila mwaka wanasema mwaka ujao, na mwaka juzi nikapasuliwa kooni, nimepona ila siimbi tena, nazungumza kama mlango mbovu, na sauti yangu imebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kompyuta za kampuni.

Mwezi uliopita meneja wao, Bwana Iwakura, alinipigia simu kusema kwamba Tsurara sasa anatoka, ila kwa sauti ya binti mwingine, "ya kisasa zaidi", na yangu itafutwa, nami nikavaa vizuri nikavuka mji kwenye theluji kwenda kupinga, nikanunua boksi la biskuti za siagi kwa kuwa huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, nikainama, nikaanza na samahani kwa usumbufu, naye akalipokea boksi kwa mikono miwili, "Aa, Mwalimu, ya nini kujisumbua! Tulihofia umekasirika, kumbe umekuja kutuaga!" na ofisi nzima ikasimama ikainama kunishukuru, nami nikashukuru, nikajikuta kwenye lifti.

Mume wangu anacheka, "Mama, umekwenda vitani ukawaandalia maadui chai." Je, nivunje ahadi nijitangaze mtandaoni, au ninyamaze?

Mwenye koo bovu, Sapporo

Mwalimu,

Majina yote nimeyabadilisha, la Tsurara pia, kwa hiyo ahadi yako iko salama kuliko sauti yako.

Pole kwa koo. Pole imekwisha, sasa nikugombeze. Biskuti! Umekwenda kudai kitu pekee kilichobaki cha uimbaji wako, ukaanza kwa kuwalisha na kuwaomba radhi. Usidhani Iwakura hakuelewa. Hakuna mwanamke anayevuka mji kwenye theluji kumuaga mtu anayetaka kumfuta. Alielewa vizuri sana, akakufunga mdomo kwa adabu yako mwenyewe, tena mbele ya mashahidi.

Eti kisasa zaidi! Sauti ambayo haijawahi kutoka imezeekea wapi? Nani aliifungia? Wao. Wamekaa nayo miaka tisa, wakawaacha mashabiki wakila keki kwa ajili ya kipande kimoja cha wimbo, na sasa wanaona haya kwa uvivu wao, wanakubebesha wewe. Nywele nyeupe mchoraji yeyote anachora. Waliyempenda watu wale aliimba kwa koo lako.

Lakini mtandaoni usiandike kitu. Mashabiki watamvamia yule binti, naye hajakukosea. Yuko studio sasa hivi akitamka ka, ki, ku, bila kujua atafutwa lini.

Mtafute wakili asome mkataba wako, kisha omba kikao kwa maandishi, useme mapema unakwenda kupinga. Wakili akiwa pembeni, ingia mikono mitupu. Sema, "Sikuja kuaga," halafu nyamaza. Ukimya utamchoma Iwakura. Mwache aungue, usimpoze kwa samahani. Akimaliza kuhema, dai mawili: sauti yako isifutwe bali upewe nakala, na kabla Tsurara mpya hajatoka, yule wa kwanza aimbe wimbo mmoja mzima, uchague wewe. Jina lako libaki siri ukitaka. Ulichoahidi ni kutojitaja. Kufutwa hukuahidi. Wakikataa, mwachie wakili azungumze. Yeye hajui kuinama.

Na huyo mume anayecheka aje pia. Kazi yake ni moja: mkifika kwenye duka la biskuti, akushike mkono mpaka mlipite.

Hidaka Machiko