Hedifoni za Mjomba Jilala

Nyumbani kwa Mjomba Jilala,
Runzewe, Bukombe.
15 Desemba 2024

Mpendwa Dada Asteria,

Shikamoo dada yangu. U hali gani huko Dodoma? Mama mkubwa alituambia masikio yanakuuma kwa kuvaa hedifoni kutwa nzima ukijibu simu za wateja. Je, yamepata nafuu? Sisi huku tu wazima. Mvua imeanza vizuri na mahindi ya Mjomba yamefika magotini.

Picha yako ya kazini tuliiona, ile yenye maiki mdomoni. Umependeza sana. Mdogo wako Nelly aliionyesha kwa kila mtu, akisema, "Huyu ni dada yangu." Mimi nilikuwa nimesimama palepale, na wewe ni dada yangu pia, mtoto wa mama mkubwa.

Nimekuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ni ya Mjomba, na Nelly husoma kila kitu. Barua nimeificha katika mfuko wa michembe, vile viazi vikavu, unaotumwa kwako na Mama. Tafadhali usimwambie Nelly.

Dada, tangu nimalize kidato cha nne nikaja huku, naona hedifoni kila mahali. Waendesha bodaboda wanazo. Fundi wa mitambo kanisani anazo, anaisikia kwaya vizuri kuliko sisi tunaoimba. Juzi kijana wa dukani kwa Lalji alikuwa akitupimia misumari, akasema, "Shikamoo." Nikashangaa, maana ni mkubwa kwangu, lakini nikaitikia, "Marahaba." Kumbe alikuwa anaongea na mama yake kwa simu! Nelly alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini hedifoni zilizoninyima raha ni za Mjomba. Unajua ana ile mashine ya kutafutia dhahabu, anayoipitisha juu ya udongo. Ikipita juu ya madini inalia. Hapa hakuna anayeiacha ilie hadharani, kwa sababu wachimbaji wengine wakisikia watakimbilia hapo na sululu zao. Kwa hiyo mshika mashine huvaa hedifoni, akasikia peke yake.

Siku hizi masikio ya Mjomba yamechoka. Alisema mmoja wetu ajifunze kusikiliza, na huyo ndiye atakayekwenda naye kwenye machimbo mapya baada ya Krismasi. Mwingine atarudi nyumbani Ngokolo. Kisha, bila hata kunitazama, akamvika Nelly hedifoni.

Nisamehe dada, najua ni mdogo wako wa tumbo moja. Lakini niliona wivu hadi chakula kikanishinda. Yeye alitembea mbele kama bibi harusi, mimi nyuma na sululu, nikichimbua misumari na vizibo vya soda. Nikimwomba nijaribu kidogo, ananiambia, "Wewe Nyamizi, hata ukipiga kelele kuku hawashtuki, utaiweza mashine?"

Jumanne mashine ililia kwa nguvu masikioni mwake. Nelly akaruka juu. "Mjomba! Imelia! Imelia huku!" Kabla Mjomba hajafika, watu walikuwa wameshajaa pale, wengine na ndoo. Sisi hatukupata hata pa kusimama. Nelly alilia. Dada, nilimshika bega, lakini moyoni nilifurahi.

Kesho yake Mjomba akanivika mimi. Nilipoisikia, ilikuwa sauti nyembamba, kama mbu. Niliinama nikafunga kamba ya kiatu, nikaacha alama kwa kisigino, nikaendelea kutembea. Watu walipokwenda kula tulirudi, tukatoa kipande cha dhahabu kama punje ya mchele. Mjomba akanitazama sana, akasema, "Ng'wanike, msichana wewe, uso wako haujui kusema kitu. Tutakwenda mimi na wewe."

Basi hedifoni nimezipata. Nelly atarudi Ngokolo. Nilidhani nitalala usingizi mzuri.

Lakini sasa yeye ndiye anayeshika sululu, na anatembea sambamba na Mjomba. Anamwambia kitu, Mjomba anacheka mpaka anashika magoti. Mimi nasikia "mmm" ya mashine tu. Jana nilifunua sikio moja ili nisikie. Mjomba akageuka. "Nyamizi! Masikio!" Nikafunika. Wakaendelea kucheka.

Sijawahi kumchekesha Mjomba hata mara moja. Dada, wewe unayevaa kutwa nzima, wenzako wakicheka pembeni unafanyaje? Ukimpigia Nelly, muulize wanacheka nini, kana kwamba jambo limekujia tu wewe mwenyewe. Kisha uniandikie.

Nisalimie shemeji Edson, na umbusu mtoto Mwamvua mashavu yote mawili. Mungu akulindie masikio yako na kazi yako.

Mdogo wako akupendaye, mdogo wako kabisa kama Nelly,

Nyamizi