Nyuki Kwenye Besi

Jumatatu, 3 Juni 1974. Kasulu.
Leo tena nyuki. Nimeweka betri mpya kwenye redio kaseti, nimefuta kichwa chake kwa spiriti, nimekaza nyuzi za gitaa. Nikipiga uzi mwembamba, safi. Nikigusa uzi mnene, kanda nzima inavuma kama mzinga. Zakaria, kiongozi wetu wa bendi, kasema wazi: Jumapili kanda inapanda lori la Kassimu kwenda Kigoma, kwa mwenye ukumbi anayetafuta bendi ya Sabasaba. Besi isipokaa sawa wanarekodi bila mimi. Na asiyesikika kwenye kanda hapelekwi Kigoma. Nimekasirika hata chakula sikukiona. Uongo. Nimekula.

Jumanne, 4 Juni
Nimeazima maikrofoni ya kanisani. Nyuki wale wale. Nimeisogeza mbali na spika: nyuki wa mbali. Nimefunika spika kwa blanketi: nyuki wenye mafua. Yuditha, mke wangu, anataka blanketi lake.

Jumatano, 5 Juni
Nimemkamata mchawi!
Nilikuwa napiga uzi mnene, vumbi likanidondokea kichwani. Nikapanda mezani, nikashika bati. Linatetemeka! Yuditha akalikandamiza kwa mwiko wa ugali, nikapiga. Safi. Akautoa mwiko. Nyuki. Tumecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Bati langu jipya, jamani. Na ni mimi niliyeng'ang'ania turekodi kwangu, ili bendi nzima ilione.

Alhamisi, 6 Juni
Mawe juu ya bati. Linanyamaza hili, linaanza la pili. Tukahamia uani: mbuzi, upepo, kikohozi cha jirani. Yuditha kasema twende Titye kwa mama yake. Nyumba ya nyasi, kuta nene za udongo, ndani magunia ya maharage mapya. Nimekataa. Mkwe mzima nikapige gitaa ndani kwa mama mkwe! Mimi na yule mama tunasalimiana kila mtu akitazama pembeni. Namwogopa, basi.
Jioni nimeliwaza lori likienda Kigoma bila mimi. Nimemtuma Yuditha akaniombee nyumba kwa mama yake.

Jumamosi, 8 Juni
Amekubali! Tumesukuma baiskeli mpaka Titye, amplifaya kwenye moja, betri ya lori kwenye nyingine. Mama mkwe akatuachia nyumba, akakaa uani kupepeta maharage, mgongo kwetu. Heshima yake na yangu. Sisi ndani, katikati ya magunia. Besi ikatoka nene, tulivu, kila pigo mahali pake. Nilitaka kulia. Zakaria akatabasamu, na yeye hutabasamu siku ya Krismasi tu.
Wimbo umeisha, kaseti haijazimwa, sauti ikaingia mlangoni: "Mukwe wanje! Hilo zito ongeza, nalisikia tumboni!"
Imo kwenye kanda. Niliomba tuifute, kwa aibu. Zakaria kakataa katakata.

Jumapili, 9 Juni
Lori limeondoka baada ya ibada, kanda iko mfukoni mwa shati la Kassimu. Kama tutachaguliwa, sijui. Mimi nimo. Na mama mkwe yumo.
Blanketi limerudi kitandani. Mchana nimekaa peke yangu, nikagusa uzi mnene, taratibu. Bati likaitikia. Nimeliacha liimbe.