Bustani Yenye Mawe Matatu ya Msingi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukorofi. Mimi sijambo, ila nina hasira, nayo haina dawa. Dada, wewe unayemsomea Baba kwa kuwa macho yake hayaoni tena, tafadhali soma yote, usiruke hata mstari.

Baba, bustani ya jiji uliyoilea miaka ishirini na sita imezungushiwa mabati mwaka wa nne sasa, eti inakarabatiwa. Kila mkuu mpya wa idara akija husema mpango wa mwenzake una kasoro. Anaagiza mchoro mpya, anaweka jiwe la msingi, anapigwa picha, basi. Mimi karani wa masjala ndiye ninayelibeba jalada la bustani hiyo kutoka meza hadi meza, na limenenepa mpaka halifungiki. Benchi hakuna hata moja, lakini mawe ya msingi yako matatu, yamepangana nje ya lango. Kina mama wanaotoka zahanati hukalia la pili, maana la kwanza limeshainama.

Juzi kikaoni nilithubutu kuuliza kazi itaanza lini. Mkuu wa sasa akanijibu kwa upole kwamba mambo mazuri hayataki haraka. Haraka gani, jamani, miaka minne? Watoto wanacheza mpira barabarani, wiki iliyopita mmoja kavunjwa mguu na pikipiki, halafu mtu ananiambia habari za haraka huku anajizungusha kwenye kiti. Nilibeba jalada langu nikatoka.

Sasa Baba, keti vizuri. Ile miche arobaini uliyoiotesha kwenye makopo ukaituma kwa basi, nilikuandikia kwamba imepandwa. Baadaye nikaandika imefika kiunoni, kisha kwamba watu wanapumzika kivulini. Ulifurahi mno, nami nikashindwa kurudi nyuma. Nilikuwa nakudanganya. Mkuu wa wakati ule alikataza isipandwe kwa sababu haimo kwenye mchoro, ikabaki nyuma ya masjala katika makopo yaleyale. Nimeimwagilia kila asubuhi kwa birika la chai la ofisi. Kumi na saba imekufa. Nisamehe, Baba.

Uliposema unakuja mwezi ujao kukaa kwenye kivuli chake, chakula kilinishinda. Jumamosi, mchana kweupe, mimi na fundi bomba, yule uliyekuwa ukimwita Mzee wa Koki, tulikata kufuli la lango tukaingia bustanini. Mizizi ilikuwa imeshapasua makopo. Tumeipanda yote ishirini na mitatu, mstari mmoja kando ya njia uliyokuwa ukiifagia. Mlinzi alitutazama weee, mwisho akaenda kutuletea ndoo ya maji.

Jumatatu nikapewa barua ya kujieleza. Wanataka kujua ni nani aliyeidhinisha. Nimejibu kwamba ni mtunza bustani, nikaandika jina lako kamili.

Huenda nikafukuzwa. Kivuli hakipo, Baba, miche inanifika magotini tu. Lakini usiache kuja. Nitakushika mkono uipapase mmoja mmoja, na kiti nitakibeba mwenyewe kutoka nyumbani.

Wasalimie wote hapo, na Dada umshukuru kwa sauti yake.

Mimi mwanao,
Kitinda mimba wako