Shahidi wa Pili

Kaka yangu,

Mama anakusalimu, ingawa mimi hasemi nami tangu jana. Ofisi ya vitambulisho ninakofanya kazi imeezekwa upya, ila mlango bado, tumetundika shuka.

Jana aliingia jirani yetu, yule aliyewaonyesha askari darini alimojificha Baba, wewe na mimi tukichungulia kwenye ufa. Mafaili yote yaliungua vitani, kwa hiyo anayetaka kitambulisho alete mashahidi wawili wanaomjua tangu utotoni. Yeye alikuwa na mmoja tu, mama yake.

"Dada, si tumekua wote?" akaniambia. "Nitilie sahihi basi. Yaliyopita si ndwele."

Nikachukua kalamu, nikatia.

Najua umeshakunja ngumi huko. Nisikilize kwanza. Hadi jana hakuwamo kwenye karatasi yoyote. Angevuka mpaka akajiita apendavyo. Sasa nina picha yake, nyumba anayolala, na alama za vidole vyake vyote kumi.

Mahakama ya makosa ya vita inafunguliwa Jumatatu ijayo. Njoo, kaka. Nayo inataka mashahidi wawili.

Ni mimi mdogo wako,
shahidi wa kwanza.