Toba ya Froila

Emerita, baada ya mavuno ya zabibu

Dada Benigna,

Zabibu zimejaa mitungi, na yule mbuzi wako amezaa mapacha. Nyumbani kwangu tu ndiko kumeharibika.

Mume wangu Froila alizimia kwa homa siku nne. Nikajua anakufa, nikamwita padri ampe toba kabla hajakata roho. Yeye na wasaidizi wake wakamnyoa upara, wakamvika gunia la toba. Kesho yake akafumbua macho, akaomba supu ya kondoo!

Padri akang'aka, "Nyama marufuku! Aliyepokea toba ni wa toba mpaka kaburini. Na kitanda cha mkewe asikiguse tena."

"Baba, ana miaka ishirini na sita!"

"Toba hutolewa mara moja maishani, binti. Haivuliwi."

Froila akapapasa upara wake. "Nani alimwita huyu?"

Nikasema, "Mama yako."

Dada, sijui neno lile lilinitokaje! Mama mkwe amekana mpaka sauti imemkauka, na mwanawe hamsemeshi. Ningekwenda kuungama leo hii. Lakini toba ni moja tu, nami nina miaka ishirini na miwili. Dhambi zangu kubwa bado ziko mbele.

Mdogo wako anayelala peke yake,
Gelvira