Kadi ya Duka la Viatu

Jumatatu, 4 Machi

Swali ambalo limenisumbua tangu chuo kikuu: je, kitenzi cha Kiingereza "grow" ni kitenzi kimoja, au ni vitenzi vingi vilivyovishwa nguo moja? Kwetu mtoto hukua, jino huota, ndevu hufugwa, mpunga hulimwa, hofu huzidi, mtu huzeeka. Mwingereza huyabeba yote hayo kwa neno moja na wala halemewi. Miaka ishirini na mitatu ya kutunga kamusi, na bado sina jibu ninaloweza kulitetea.

Leo nimeifikia droo ya kitenzi hicho. Kadi mia moja na kumi na mbili, kila moja na mfano wake. Mhariri mwenzangu — tunamwita Bi Koma, kwa kuwa hawezi kuipita sentensi bila kuitia mkato — alichungulia akasema, "Pole, shoga. Hapo ndipo utakapozeekea." Nikamjibu kwamba hiyo ni maana ya sita, asubiri zamu yake.

Jumanne, 5 Machi

Kadi arobaini. Nyingi ni za mume wangu, aliyekiongoza kitengo hiki hadi alipostaafu mwaka juzi. Mwandiko wake ni uleule, herufi zimesimama wima kama askari.

Kanuni ya kitengo aliiweka yeye: mfano hautungwi, husikiwa. Mbele ya kadi, sentensi ilivyotoka kinywani mwa mtu. Nyuma, tarehe, aliyeisema, aliyeambiwa, mahali. Hata maneno yako mwenyewe yanaruhusiwa, mradi uwe umeyasema kweli kwa mtu aliye hai. Namkumbuka kijana mmoja aliyeleta kadi ya ng'ombe anayekua taratibu malishoni, bila chanzo. Mume wangu aliisoma mbele yetu sote. "Nani kakwambia haya? Ng'ombe mwenyewe?" Tulicheka. Kijana alihamishwa kwenda maktaba mwezi huohuo.

Jumatano, 6 Machi

Kadi ya sitini na nne. Mwandiko wa mume wangu.

Mbele: "Binti yangu anakua haraka, viatu vya Januari havimwingii tena."

Nyuma: tarehe 9 Juni, miaka kumi na mmoja iliyopita. Msemaji: "mimi mwenyewe," yaani yeye. Aliyeambiwa: muuza viatu. Mahali: dukani kwake, karibu na stendi.

Hatuna binti. Tuna pacha, wote wa kiume. Mwaka ule walikuwa na miaka minane.

Niliirudisha kadi mahali pake. Nikaitoa tena. Mwezi huo wa Juni mume wangu alikuwa safarini kukusanya maneno, miezi sita katika mji mwingine, na mimi ndiye niliyempangia sanduku.

Alhamisi, 7 Machi

Nijihadhari. Nimefundishwa kutojenga maana juu ya mfano mmoja.

Nilimuuliza Bi Koma, kana kwamba ni suala la kazi tu, mwanamume asiye na binti anaweza kumwita nani "binti yangu." Hakuinua hata kichwa. "Mtoto wa kaka yake. Mtoto wa jirani. Mimi mwenyewe naitwa binti yangu na muuza magazeti, na ninamzidi umri." Ni kweli. Ila mume wangu hana kaka. Ana dada mmoja, na wanawe huwaita wapwa, hakosei. Na nani humnunulia mtoto wa jirani viatu mara mbili katika nusu mwaka?

Au aliitunga. Alikuwa peke yake, mbali, amechoka, akaandika sentensi aliyoipenda. Basi atakuwa ameivunja kanuni iliyomwondoa yule kijana. Ama alidanganya kazini, ama alinidanganya mimi. Nilishtuka kuona ni lipi nililoliombea.

Alasiri nikafika kwenye maana ya kuota. Mwandiko uleule, Agosti ya mwaka uleule: "Meno ya mbele yameota, sasa anacheka bila kuziba mdomo." Msemaji: mama yake. Aliyeambiwa: mimi. Mahali: kwa simu.

Mama yake. Kwenye kadi zote alizoninukuu mimi ameandika "Mama Pacha."

Ijumaa, 8 Machi

Nilipakua chakula cha jioni. Nilikula. Mume wangu aliniuliza kama droo imenishinda, nikasema karibu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeandika haya chumbani, mlango umerudishwa. Ni saa tano asubuhi.

Alikuwa sebuleni anapiga pasi mashati yake; kazi hiyo haachii mtu. Nikasema, kwa sauti ya ofisini, kwamba Jumatatu droo inakwenda kwa mchapaji na kuna kadi yake moja nataka kuiondoa.

"Ipi?"

"Ya duka la viatu."

Pasi ilisimama juu ya kola. Kisha akaiinua, akaisimamisha, akachomoa waya ukutani. Yote bila haraka.

"Ina kasoro gani?"

"Nina shaka na chanzo."

"Chanzo kimeandikwa."

"Ndiyo. Nimekisoma."

Alikunja shati ambalo halijakauka vizuri. "Usiiondoe, Mama Pacha," akasema. "Kama kuna ya kuondoa, ondoa nyingine. Ile niliisema kweli."

Nikaingia huku. Sikuuliza jina la huyo binti. Sikuuliza kama bado anakua au amekwisha kuwa mtu mzima. Nimehesabu, kama meno ya pili yalikuwa yakiota wakati ule, sasa ana miaka kumi na minane hivi, karibu rika moja na wanangu. Sikuuliza kama wanangu wanajua.

Kwa nini sikuuliza? Nilidhani naogopa uongo. Lakini miaka yote hii sijapata kumkamata na uongo kwenye kadi, na leo sidhani ningeupata. Akisema, atasema kamili: tarehe, msemaji, mahali. Baada ya hapo sitakuwa na pa kuweka shaka yangu, na kwa sasa shaka ndiyo kitu pekee katika nyumba hii ambacho najua ni changu.

Namsikia. Amevuta kiti, amekiweka karibu na mlango huu, amekaa. Hajagonga.